Namba za Mkaa Kwenye Ukuta wa Ghala

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa fundi cherehani, hapa hapa Bariadi mjini, nimesimama nimenyoosha mikono huku utepe wa kupimia umenizunguka kiunoni. Simu ikaita ndani ya mkoba. Nikamwambia fundi aendelee, itakata yenyewe. Ikaita tena, na tena, ndipo nikajua kuna jambo, maana siku hizi mtu mwenye shida ya kawaida anakutumia ujumbe tu. Alikuwa binti wa mzee wangu wa Ngulyati, mwalimu wa shule ya msingi, mtu asiyepiga simu ovyo. "Dada," akasema, "mzee ametutoka. Alikunywa uji vizuri tu, akasema anajinyoosha kidogo." Mimi, badala ya kumpa pole kama binadamu wengine, nikamwuliza swali ambalo nimelionea aibu wiki nzima: "Kompyuta yake iko wapi?" Wala hakukasirika. Akanijibu taratibu, "Ipo mezani pake, dada. Nimeifunika na kitambaa." Hapo ndipo machozi yalipotoka. Fundi wa watu akabaki ameshika utepe, hajui aendelee kunipima au aniletee kigoda.

Najua msomaji anayenifuata kila wiki atashangaa mwanamke mzima analiwaje na mawazo ya kompyuta siku ya msiba. Nivumilieni, nitaeleza, na katika kueleza nitaungama jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwanza nimtambulishe marehemu. Alikuwa bwana shamba wa pamba. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia juu ya baiskeli, akianzia Nkololo, akahamia Sapiwi, akastaafia kwao Ngulyati. Wakulima wa umri wangu wanamkumbuka kwa mkaa. Alitembea na vipande vya mkaa kwenye mfuko wa shati, na kila nyumba aliyopita aliandika tarehe mlangoni: siku ya kupanda, siku ya kupulizia dawa, siku ya mwisho ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ili wadudu wasipate pa kulala hadi msimu unaofuata. Wakinamama walilalamika kwamba anawachafulia milango. Yeye aliwajibu kwamba karatasi italiwa na mbuzi, lakini mlango utaufungua kila asubuhi, upende usipende. Mashati yake yote yalikuwa na doa jeusi kifuani, upande wa moyo, na mkewe, enzi za uhai wake, alikwisha kata tamaa ya kuyafua.

Alipostaafu aliondoka na kompyuta chakavu ambayo ofisi ilikuwa inataka kuitupa. Ilikuwa nzito, inaunguruma, na ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi haijafunguka. Mtu mwingine angeifanya kinara cha kuwekea redio. Yeye akasikia kwamba kuna mfumo unaitwa Linux, wa bure, ambao unaweza kukaa kwenye mashine dhaifu bila kuitesa. Akajifunza mwenyewe kiangazi kimoja, kwa masomo aliyokuwa anachapishiwa mjini na kuyasoma kwa kalamu mkononi, anapigia mstari, anaweka alama ya kuuliza pembeni. Alipenda, aliniambia, kwamba mfumo ule unakuruhusu kuuchimba na kuona chini kuna nini, kama udongo. Basi taratibu tukaanza kumpelekea kompyuta zetu: walimu, watu wa parokia, karani mmoja wa stoo ya pamba, na mimi. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, kompyuta imejaa. Mzee akawa bingwa wa kugawa upya diski, yaani kusogeza zile kuta zinazotenga sehemu za ndani, ili sehemu iliyobanwa ipate nafasi kutoka kwenye sehemu iliyolala tupu.

Siku ya kwanza nilifika kwake na laptop yangu nikiwa nimevimba kwa hasira, kwa sababu ilikuwa imekataa kuhifadhi safu ya gazeti niliyoihangaikia siku mbili. Sikupata nafasi ya kulalamika. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, yaani habari za asubuhi, mama, na mimi nikaitikia, "Mwangaluka, bhabha," kama nilivyolelewa. Msomaji wa pwani aelewe tu kwamba salamu ya Kisukuma si ya kupita. Aliuliza nyumbani hawajambo, akauliza ng'ombe, nikamwambia sina ng'ombe, akasikitika kweli kweli, akauliza mvua za mjini, ingawa mjini ni hapo tu na mvua ni ile ile. Alipokwisha ndipo akaivuta laptop. "Haya, mgonjwa anaumwa nini?"

"Imejaa, mzee. Naomba uniongezee nafasi."

"Wote mnasema hivyo. Sijawahi kuona mtu anayekuja kuniambia, mzee, nisaidie kupunguza." Akaifungua, akaanza kupekua. Akakuta safu moja nimeihifadhi mara sita: safu mpya, safu mpya kabisa, safu ya mwisho, safu ya mwisho kweli, hii ndiyo yenyewe, hii ndiyo yenyewe usifute. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakuta matoleo ya zamani ya mfumo ambayo hujirundika kila unaposasisha, programu nilizojaribu mara moja nikaziacha, na picha za harusi ya mtu ambaye siku hizi hatusalimiani. "Mayu, hili ni shamba la pamba halijang'olewa masalia misimu mitano. Halafu unataka nikuongezee eka." Tukang'oa. Asubuhi nzima tukang'oa, na nafasi iliyopatikana ilinitia aibu.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kusogeza ukuta, tena akanifundisha utaratibu wake kwa kunikaririsha kama mtoto wa katekisimu. Ukipunguza sehemu, anza kwa kupunguza kilichomo ndani, kikusanyike upande mmoja. Ukuta unafuata baadaye. Ukiongeza ni kinyume, ukuta unatangulia, kilichomo kinatanuka baadaye. "Unapopunguza boma," aliniuliza, "unaburuta miiba juu ya ng'ombe waliolala? Unawasogeza ng'ombe kwanza." Na kabla ya yote hayo, mambo mawili: uwe na nakala ya kila kitu mahali pengine, na uandike kwa penseli namba inayoanzia na namba inayoishia kila sehemu. Ni namba ndefu, tarakimu nane, tisa, na ukikosea moja umekosea zote. Nikamwuliza za nini wakati zinaonekana hapo kwenye skrini. Akasema, "Ukuta uliowekwa pabaya unarudishwa na mambo yanakaa kama yalivyokuwa. Lakini lazima ujue ulikuwa wapi."

Sasa nifike kwenye mvua. Tangu siku aliyoripoti kazini, mzee alipima mvua kila asubuhi kwa kile chombo chenye mistari kinachosimikwa uani. Alipohama alihama nacho, alipostaafu akaendelea, akaandika kwenye madaftari zaidi ya miaka thelathini. Aliandika hata siku kavu. Kwake sifuri ilikuwa ni habari kama habari nyingine, na siku iliyoachwa wazi ndiyo ilikuwa uongo, kwa sababu atakayekuja kusoma hatajua kama mvua haikunyesha au mtu alilala. Wakulima walitoka mbali kumwuliza: mzee, ule mwaka pamba ilipooza, mvua ilikatika lini? Sisi tunalima kwa kutazama mawingu na kukumbuka vibaya, yeye alikuwa na jibu. Mchwa walipoanza kuyala madaftari akayaingiza yote kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, misimu miwili ya kilimo. Na alipomaliza, nisikilizeni, akayachoma. Akayarundika uani na kuyatia kiberiti. Nilipomgombeza alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Umeshavuna, umeng'oa, unachoma," akasema. "Mkono ulifanya kwa mazoea, mayu." Miaka yote hiyo ya kuwahimiza watu wachome masalia ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Flashi aliyokuwa ameweka nakala ikafa muda si mrefu, kama flashi zinavyokufa, bila kuaga. Kwa hiyo mvua zote za upande ule, kwa kadiri mtu mmoja alivyoweza kuzipima, zikabaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya ile mashine inayounguruma.

Kisha presha ya macho ikamwanza. Ikala pembeni kwanza, halafu ikaingia katikati, na madaktari wakamwambia ukweli kwamba kilichokwenda hakirudi. Binti yake ndiye akawa anamsomea kipimo cha mvua asubuhi kabla ya kwenda shule. Siku moja akanipigia mzee mwenyewe. Kompyuta imekataa kusasisha, sehemu ya mfumo imejaa mpaka mlangoni, na jirani yake, ile sehemu yenye mvua, ina nafasi tupu ya kutosha. Inabidi ukuta usogezwe. "Niazime macho, mayu," akasema. "Maneno nitayasema mimi, wewe uandike."

Nilikwenda asubuhi, nikiwa na haraka. Hiyo ndiyo tabia yangu na wanaonijua wanaijua: mhariri ananisubiri, gari la kurudi mjini linanisubiri, hata nisipokuwa na anayenisubiri natembea kama ninaye. Kuna programu ya picha inayofanya kazi hii karibu yote yenyewe, unavuta ukuta kwa kidole, lakini mzee alitaka amri za kuandika, kwa sababu amri inatamkika na picha haitamkiki, na yeye alitaka kuwemo ndani ya kazi yake. Akakaa kulia kwangu, mikono magotini, uso ameuelekeza kwenye sauti ya kompyuta. Mezani alikuwa ameniwekea karatasi na penseli iliyochongwa vizuri.

"Nakala umechukua?"

"Nimechukua." Na kweli nilidhani nimechukua. Nilikuwa nimeona folda ya mvua hapo mwanzo wa skrini, nikaibeba nikaiweka kwenye flashi.

"Namba umeandika?"

"Nimeandika, mzee." Wasomaji wangu, sikuwa nimeandika. Penseli sikuigusa. Namba zilikuwa mbele ya macho yangu, ndefu, zinachosha, na nilijua kazi itakwisha muda si mrefu. Nilimdanganya mtu asiyeona, kwenye meza yake, nimekalia kiti chake.

Tukaanza. Mara nje akapiga hodi mzee mwenziwe kutoka Sapiwi, amekuja kwa baiskeli kuuliza apande lini. Mzee akasema, "Ngoja, mayu, nikamsalimie mtu, usiendelee." Akatoka anapapasa ukuta. Nimeshasema salamu zetu zilivyo. Nikawasikia wameanza na nyumbani, wakaenda kwa ng'ombe, wakaingia kwa wakwe. Nikaona muda unapita. Nikaandika mwenyewe amri ya kupunguza kilichomo ndani, kompyuta ikanijibu kwamba inataka ikaguliwe kwanza. Ukaguzi kwa mashine ile ungechukua muda mrefu. Nikajiambia, basi wakati namsubiri nisogeze ukuta, kwani kuna ubaya gani, mwishowe si vyote vitafanyika? Nikaufuta ukuta, nikauchora upya, karibu zaidi. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikajaribu kufungua ile sehemu nione. Ikakataa. Ikaniandikia kwamba kilichomo ni kikubwa kuliko sehemu yenyewe. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Kwa woga nikafunga madirisha yote, nikidhani nikifungua upya mambo yatakuwa yamejipanga, na kwa kufanya hivyo nikayapoteza hata yale maandishi ya mwanzo yaliyokuwa na namba.

Mzee akaingia, akasimama mlangoni. "Mbona kimya?"

"Nimeharibu, mzee."

"Umeanza na ukuta."

"Ndiyo."

"Ah." Akaja akakaa. Wala hakupandisha sauti. "Haya, si neno. Soma namba tuurudishe."

Nilifikiria kutunga namba, Mungu anisamehe, nilifikiria. Kisha nikasema, "Mzee, sikuandika." Nikachomeka flashi kwenye simu yangu nijitetee angalau kwa nakala, na mle ndani sikukuta folda ya mvua. Nilikuwa nimebeba ile alama tu inayoonyesha njia ya kwenda kwenye folda, picha ya mlango bila nyumba. Nikamwambia na hilo. Nikaona mikono yake inatafuta ukingo wa meza, inaupata, inaushika. Nje mgeni wa Sapiwi anakohoa akisubiri aambiwe siku ya kupanda. Miaka zaidi ya thelathini, baiskeli, matope, asubuhi zote zile, na madaftari ni majivu, na mimi nimeketi katikati ya hasara hiyo nikiwa na gari linalonisubiri. Nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kwa sauti kama nimepigwa.

"Kompyuta umeizima?" akauliza.

"Hapana."

"Umeandika kitu chochote ndani ya ile sehemu tangu ikatae?"

"Hapana, mzee."

"Basi usiiguse. Futa machozi, chukua hiyo penseli, nipeleke ghalani."

Akanishika bega, tukavuka uani. Ghala lake lilikuwa la tofali mbichi, limepakwa udongo mweupe, na ndani kulikuwa na magunia matupu na ile baiskeli. Akanyoosha mkono mpaka ukutani, akashusha kiganja, akasema, "Hapa, usawa wa kifua." Zilikuwepo. Kwa mkaa, kwa tarakimu kubwa zenye kunyooka, mwanzo na mwisho wa kila sehemu ya diski ile. Aliniamuru nizinakili, nizisome kwa sauti, nizisome tena nikianzia mwisho, na mara ya tatu akaweka kidole chake chini ya kila tarakimu, ingawa haoni, kama anayehesabu mashimo ya mbegu. Tukarudi. Nikauchora ukuta pale ulipokuwa, mpaka tarakimu ya mwisho. Nikafungua sehemu ya mvua. Ikafunguka.

Hakushangilia. Akasema, "Nifungulie mwaka wangu wa kwanza, Nkololo. Mwezi wa kumi na moja. Nisomee." Nikasoma: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, kumi na nane. "Kumi na nane," akarudia, na uso wake ukalainika. "Siku ile nililoa mpaka soksi. Mama mmoja akaniazima kanga ya mumewe kujifunika." Nikamwambia wanaume hawana kanga. "Basi ilikuwa yake," akasema, tukacheka wote wawili, mimi bado makamasi yananitoka. Kisha akatoka kumwambia mgeni siku ya kupanda. Aliporudi tukafanya kazi yote upya: nakala ya kweli, kwenye flashi mbili, ukaguzi mpaka mwisho wake, kilichomo kwanza, ukuta baadaye. Gari liliniacha. Tangu siku ile hadi anafariki hakuwahi kunikumbusha kwamba nilimdanganya, hata kwa utani, na yeye alikuwa mtani. Mimi nikajifariji kwamba zile namba ukutani ni mazoea yake ya zamani tu, mkono umezoea mkaa, na kwamba nilipona kwa bahati.

Nimeyafikiria sana mambo haya wiki hii. Siku hizi bwana shamba anatuma ujumbe kwenye kundi la simu, na ujumbe wa siku ya kupanda unaingia kati ya salamu za asubuhi na video ya mtu anayecheza, jioni umeshazikwa. Tunahifadhi kila kitu, hatujui kilipo. Simu ikijaa tunatafuta simu kubwa zaidi. Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Nimefanya kazi ofisi nyingi, na kila ofisi nilikuta mtu mmoja anayejua kazi fulani na anayeikalia kama kuku anayeatamia. Hataki uishike. Ukikosea kidogo anakuambia toa mikono, nitafanya mwenyewe, na anasema hivyo mpaka siku anayoondoka na ujuzi wake wote, nasi tunabaki kuulizana faili liko wapi. Nimekuwa mtu huyo mimi mwenyewe, niwe mkweli. Wanafunzi wa uandishi wamekuja kwangu wakiwa na makosa yao, nikawapokonya karatasi, nikaandika mwenyewe, wakaondoka na habari nzuri mkononi bila kujua imekuwaje nzuri. Nilidhani nawasaidia.

Tulimzika Ngulyati. Alfajiri ya siku ya maziko mvua ilinyesha, ya kutosha kulainisha udongo kwa wachimbaji, na watu wazima wakatazamana. Nilifika mapema. Jirani mmoja alikuwa na ndoo ya chokaa, anapaka kuta za nyumba zipendeze kwa wageni, na nikamwona binti wa marehemu amesimama mbele ya mlango wa ghala na kanga yake ya msiba, amenyoosha mkono, anamzuia. "Hapa usipake," anamwambia. "Kokote kwingine paka, hapa usipake." Nikaenda nikamkumbatia. Tukaingia ndani pamoja. Namba zilikuwepo bado, usawa wa kifua.

"Mkono wake ulikuwa unajua bado," nikasema. "Hata bila macho."

Akanitazama. "Si yeye, dada. Ni mimi niliyeandika. Aliniambia nizisome kwenye kompyuta, namba moja moja, jioni ile kabla hujaja."

"Lakini si alijua nitaziandika mimi? Penseli aliniwekea."

Binti akasita, kama mtu anayechagua kati ya adabu na ukweli. Kisha akasema, "Alisema, mayu ana haraka. Nikimwuliza ataniambia ameandika." Nikakaa juu ya magunia. Naye akakaa. "Mimi nikamwambia, baba, kama unajua hivyo, kwa nini kazi yenyewe nisifanye mimi? Mimi nipo hapa, na nitaziandika. Akasema wewe, mwanangu, huna shida ya kuandika. Yule ana kompyuta yake kwake, na atakuja kukosea siku moja akiwa peke yake, hakuna wa kumrudishia. Afadhali akosee hapa kwangu, namba zikiwa ukutani."

Aliweka mvua zake zote mezani. Mtu mzima, haoni, daftari hana, nakala hana, alichukua kitu pekee alichokusanya maishani akakitia chini ya mikono ya mwongo, akijua ni mwongo, ili mwongo ajifunze mahali ambapo ataokolewa. Na mimi miaka yote hiyo nikijidai kwamba ni bahati. Nilitaka kumwomba radhi, ilhali alikuwa ndani ya jeneza, sebuleni, wanakwaya wanamwimbia.

Tulipotoka nikaona kipima mvua uani. Kilikuwa na maji. "Hakuna aliyekisoma tangu juzi," binti akasema kwa sauti ndogo. "Nimeshindwa kwenda pale peke yangu." Tukaenda wawili. Nikainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, kama nilivyomwona yeye akiinama zamani: milimita kumi na nne. Nikaenda mafigani, wakinamama wakanipisha, nikaokota kipande cha mkaa uliopoa. Nikarudi ghalani nikaandika chini ya zile namba: tarehe, kumi na nne. Kwa siku mbili zilizotangulia nikauliza majirani, wakasema zilikuwa kavu kabisa, nikaandika sifuri mbili. Kisha binti akaleta kompyuta, akaondoa kitambaa, akaiweka mikononi mwangu. "Alisema iende kwako," akasema. "Alisema sasa utaandika."

Sina hekima ya kuwapa zaidi ya hii aliyoniachia. Mwenye kazi na amwachie anayejifunza aishike, aishike kweli, akosee kweli, lakini kabla hajakosea amwekee namba ukutani. Na wewe unayejifunza, ukiulizwa umeandika, jibu ukweli. Nimemwita binti mmoja mwanafunzi wa habari niliyempokonya karatasi mwezi uliopita, nikamrudishia. Atakosea. Nimeshaandika pembeni mahali pa kumrudisha.

Leo asubuhi, kabla ya kukaa kuandika haya, mwalimu alinipigia kutoka Ngulyati kama tulivyokubaliana. Jua kali, akasema, hakuna hata tone. Nikafungua kompyuta ya mzee, nikaisubiri iungurume mpaka ichoke, nikatafuta tarehe ya leo, nikaandika sifuri.